Fundi wa Ua Anajibu: Grini ya Gofu Nyuma ya Nyumba

Katika toleo lililopita nilijibu swali la nyasi zinazokauka kivulini, nikachomekea mwishoni kwamba mpenzi wa gofu anaweza kuachana na nyasi hai mahali pale na kutandika grini ya bandia. Sentensi hiyo moja imeniletea barua nyingi kuliko jibu lenyewe. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Zilizouliza bei sikuzigusa. Bei ya mawe na ya vibarua wa kwenu mnaijua nyinyi.

Kwa msomaji asiyecheza, grini ni lile eneo la nyasi fupi kabisa lenye shimo na bendera. Hapo mpira hauinuliwi tena, unasukumwa ubingirike hadi uingie.

*

*Fundi, shikamoo. Ua wangu wa nyuma una urefu wa mita tisa na upana wa mita tano. Nimepata watu wa kuniwekea grini ya bandia kwa siku moja. Wanasema watakwangua nyasi zilizopo, watamwaga mchanga, watausawazisha kwa reki, halafu watatandika zulia na kupigilia misumari pembeni. Naona rahisi mno. Niwaruhusu?*
*— Mwenye Haraka na Wasiwasi*

Marahaba, mwanangu. Usiwaruhusu.

Hao mabwana pengine ni mafundi wazuri wa nyasi za mapambo, na kwa mapambo utaratibu wao unaweza kupita. Nyasi za kutazamwa husamehe mengi. Grini hukaguliwa na mpira wenye kipenyo cha milimita 42.67 na uzito usiozidi gramu 45.93, na kitu kidogo namna hiyo, kikiwa kimeishiwa mwendo karibu na shimo, hupindishwa hata na kibonde ambacho macho hayakioni. Sasa mchanga mtupu hauna mshikano. Ukikanyagwa unahamia pembeni, mvua ikinyesha unafuata maji, na baada ya misimu michache unabaki na zulia zuri juu ya ardhi iliyobonyeabonyea. Kulifunua zulia lililokwisha gundishwa ni kazi mbaya kuliko kulitandika.

Kazi ya grini iko chini ya zulia. Fedha, jasho na muda mwingi viende huko, na fundi asiyekueleza habari za huko chini hajaanza kukueleza lolote.

Anza kwa kuondoa udongo wote wa juu, ule mweusi wenye mizizi na mabaki ya majani. Usiubakize kwa kuuonea huruma, kwa maana mizizi ikioza huacha nafasi tupu na ardhi hutitia. Chimba sentimita 12 hadi 15, na uzidishe kidogo kama ardhi yako ni ya mfinyanzi, ile inayovimba ikilowa na kupasuka ikikauka. Kabla ya jembe la kwanza ujue mabomba ya maji, ya majitaka na nyaya za umeme zinapita wapi. Sakafu ya shimo ishindiliwe. Kwenye mfinyanzi tandika kitambaa cha jiotekstaili, kinachopitisha maji huku kikizuia udongo usipande kuchanganyika na mawe.

Juu yake zinakuja kokoto. Watu wengi huchagua zile za mviringo za mtoni kwa kuwa zinapendeza. Ziacheni mtoni. Mawe ya mviringo hubingirika, hayashikani. Unayotaka ni mawe yaliyopondwa, yenye kona kali, ya ukubwa mchanganyiko kuanzia milimita 20 kushuka hadi unga wake, ili madogo yajaze mianya ya makubwa. Yamwagwe kwa matabaka ya sentimita tano hivi. Kila tabaka linyunyiziwe maji ya kulowesha tu, kisha mashine ya kushindilia ipite mpaka isiache alama. Kama huna, kodisha. Kishindilio cha mkono kinafaa kwenye kona na kandokando basi. Ukimwaga sentimita kumi kwa mkupuo mmoja, juu patakuwa pagumu na chini patabaki palegevu, nawe hutajua mpaka mvua zije.

Mwisho wa yote ni sentimita mbili au tatu za vumbi la mawe, lenye chembe zisizozidi milimita tano. Hili ndilo la kuchongea umbo la grini. Linakwanguliwa, linajazwa, linaloweshwa, linashindiliwa, linakwanguliwa tena. Mwenye pupa aende akapumzike wakati huu.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme grini yako ichukue mita sita kwa tano za ua huo, yaani mita za mraba 30. Tabaka la sentimita kumi ni mita za ujazo tatu zilizokwisha shindiliwa, na kwa kuwa mawe hushuka yakishindiliwa, utaagiza karibu nne, yaani tani kama sita. Lori litamwaga wapi? Toroli linapita kwenye mlango wa pembeni? Na udongo uliouchimbua utakwenda wapi? Hao watu wako wa siku moja hawajakutajia lori hata moja, na hapo ndipo nilipowajua.

Halafu fanya jambo ambalo mafundi wachache hulifanya: chukua fimbo yako na mipira kadhaa, usukume juu ya vumbi la mawe, zulia likiwa bado limekunjwa. Mpira ukirukaruka, au ukigeuka mahali ambapo hukuweka mteremko, kwaruza hapo, jaza, shindilia upya. Laza ubao ulionyooka wa mita mbili au tatu kila upande na uchungulie mwanga chini yake. Pengo la zaidi ya milimita tatu lirudiwe. Mwagia maji uone yanatuama wapi. Kanyaga kwa kisigino, na kisigino kikizama, bado. Zulia halifichi kosa la msingi, ni kama shuka juu ya godoro lenye mabonde.

Jambo moja zaidi kuhusu vipimo vyako. Mabunda mengi ya nyasi za grini yana upana wa mita 3.66 au 4.57. Ua wako una mita tano. Punguza grini iwe na upana wa mita nne na nusu uepuke kiungo kabisa. Nusu mita inayobaki itakuwa ukingo wa nyasi ndefu. Kama kiungo hakiepukiki, vipande vyote viwili vielekee upande mmoja, vikatwe kwa mgongo katikati ya mistari ya mshono, na vikutane juu ya utepe mpana uliopakwa gundi. Vipande vikielekeana kinyume, hata kama vimebanana sawasawa, grini itaonekana ya rangi mbili na mpira utabadili mwendo ukivuka.

*

*Fundi, muuzaji wangu anasema nyasi zikiwa ndefu na nene ndipo zinapokuwa bora, ananishauri milimita 40. Mwingine anataka nichukue nailoni fupi, ngumu, isiyo na ulaini wowote mkononi. Nimsikilize nani?*
*— Mkono Mwepesi*

Dada yangu, msikilize huyo wa pili, au angalau usimsikilize wa kwanza. Milimita 40 ni nyasi za kupumzikia. Mpira wa gofu ukisukumwa humo unazama hadi kiunoni na kusimama. Nyasi za grini zina urefu wa milimita 10 hadi 15 hivi, zimesukwa kwa msongamano mkubwa, na mkono ukizigusa unapaswa kuhisi brashi. Zile ndefu zina mahali pake: zizungushe pembeni kama ukingo, mpira uliopitiliza upate pa kusimama.

Ndani ya nyasi fupi kuna njia mbili. Nailoni ni ngumu na nyuzi zake huwa zimejikunja, kwa hiyo zinasimama zenyewe na kuinuka tena baada ya kukanyagwa. Haidai mchanga. Ni nyuzi za siku nyingi katika kazi hii; nyasi bandia zilizotandikwa mwaka 1966 ndani ya Astrodome, ule uwanja wa besiboli wenye paa huko Houston, Marekani, zilikuwa za nailoni, na jina la AstroTurf lilitoka kwenye uwanja huo. Udhaifu wake kwa mchezaji ni ugumu. Mpira unaotoka hewani ukitua juu yake unadunda na kwenda zake.

Polipropilini, aina nyingine ya plastiki, ni laini zaidi na ikiachwa hivihivi hulala chini ya miguu. Ndiyo sababu humwagiwa mchanga mpaka karibu na ncha za nyuzi, mchanga uzishike zisimame. Inadai matunzo, lakini inalipa kwa namna mbili. Mpira wa kutoka juu unapokelewa vizuri, na kasi ya grini unaipanga mwenyewe: mchanga ukijaa na ukapitisha rola mpira unakimbia, mchanga ukipungua na nyuzi zikisuguliwa kwa ufagio mpira unapunguza mwendo.

Kwa anayesukuma tu, na ambaye hapendi kushika ufagio, ningechagua nailoni. Anayetaka kusimama pembeni ya ua na kuudokoa mpira uruke kidogo kisha utue grini, polipropilini. Kama una mkono mwepesi kama jina lako, na una subira, chukua ya pili.

Mchanga nao si wowote. Uwe wa silika, uliooshwa na kukaushwa, wenye chembe za mviringo za ukubwa unaolingana. Mchanga wa ujenzi una vumbi linaloziba matundu ya kupitishia maji na kugandamana. Wa ufukweni una chumvi na vipande vya kombe. Mwaga kidogo kidogo nyasi zikiwa kavu, ukisugua kwa ufagio kinyume cha mwelekeo wake baada ya kila mwago. Kiasi cha jumla kimeandikwa kwenye maelezo ya kiwanda na kisizidishwe wala kupunguzwa kwa kukisia. Vaa barakoa. Vumbi la silika huharibu mapafu, na hilo halina mzaha. Ukipewa punje za mpira wa matairi badala ya mchanga, kataa. Kwa grini hazina kazi, na ndizo hasa zinazosambaa hadi kwenye mifereji. Umoja wa Ulaya mwaka 2023 ulipitisha kanuni ya kuzipiga marufuku punje za namna hiyo za kujazia nyasi bandia, viwanja vikipewa muda hadi mwaka 2031.

Kabla ya kulipa, omba kipande cha mfano. Kigeuze uone matundu, kimwagie kikombe cha maji, kisha vuta nyuzi chache kwa vidole. Nyuzi zikitoka, umeshapata jibu.

*

*Mzee, mimi sitaki grini bapa. Nataka milima na mabonde kama zile za mashindano kwenye televisheni. Fundi wangu anasema anaweza kunitengenezea mteremko wa asilimia sita. Unasemaje?*
*— Mpenda Changamoto*

Nasema utakuwa na mahali pazuri pa kukimbilia mipira.

Asilimia sita ni sentimita sita za kushuka katika kila mita moja. Ukiangalia kwa macho unaona kidogo, tena kwenye televisheni miteremko hupoteza ukali wake na kuonekana kama haipo. Kwenye nyasi zenye kasi, mpira uliokosa shimo katika mteremko huo hausimami. Unashuka mpaka ukingoni, unauokota, unarudia, na unajifunza kuokota.

Mteremko na kasi ni lazima vipangwe pamoja. Kasi ya grini hupimwa kwa stimpmita, kifaa alichokibuni Edward Stimpson mwaka 1935 baada ya kutazama mashindano ya US Open kwenye uwanja wa Oakmont na kuona mipira ya mabingwa ikitoroka kwenye grini. Ni fimbo yenye mfereji, urefu wake inchi 36, yaani sentimita 91. Mpira unakaa kwenye kidaka kilicho inchi 30 kutoka mwisho wa chini, fimbo inainuliwa polepole, na ikifika nyuzi kama 20 mpira unachomoka wenyewe. Umbali ulioubingirika, kwa futi, ndiyo kasi. Mipira mitatu kwenda na mitatu kurudi, unachukua wastani. Kasi ya 10 ni mpira uliokwenda kama mita tatu.

Unaweza kujitengenezea chako kwa kipande cha alumini chenye umbo la V iliyopanuka. Hakitalingana na cha uwanjani, lakini kitakuambia kama grini yako ya leo ni ile ya mwezi uliopita, na kwa nyumbani hilo ndilo la maana.

Ushauri wangu: mteremko wa jumla asilimia moja hadi mbili ili maji yatoke, ukielekea mbali na ukuta wa nyumba. Kuzunguka shimo, kwa duara la kama mita moja kila upande, usivuke asilimia mbili. Mbali na mashimo unaweza kuinua kilima kimoja cha taratibu, kifike asilimia tatu au nne, kianze na kuisha bila kona. Kilima kimoja kilichowekwa vizuri kinakupa mipira ya kupanda, ya kushuka, ya kukata kulia na ya kukata kushoto, kutegemea tu umesimama wapi. Vilima vitatu katika ua mdogo vinakupa mchezo mmoja tu wa kubahatisha. Na zulia lenyewe halipendi mikunjo mikali: kwenye bonde linainuka kama ngoma, kwenye kilima linakunjamana.

Na uchonge hicho kilima kwenye mawe na vumbi lake. Wapo wanaoinua zulia na kuchomeka magunia ya mchanga chini. Sitasema zaidi.

*

*Naomba kuuliza mambo mawili. Kwa mita za mraba 25 niweke mashimo mangapi? Na je, kipande cha bomba la plastiki la inchi nne kinafaa kuwa shimo, badala ya kununua vikombe maalumu?*
*— Fundi Bomba*

Mwenzangu wa kazi, karibu. Matatu yanatosha, na hata mawili. Tatizo la mashimo mengi ni kwamba kila shimo linakula nafasi ya lingine: mpira unaoelekea la mbali unapita karibu na la jirani na kuanguka humo. Yapange kwa pembetatu isiyolingana, umbali kati yake utofautiane: mita moja na nusu, mita tatu, na urefu wote ambao ua unaruhusu.

Usiliweke shimo karibu na ukingo. Dave Pelz, aliyekuwa mwanasayansi wa NASA kabla ya kugeukia kufundisha gofu, alifanya majaribio na kushauri kwamba mwendo bora ni ule ambao mpira ukilikosa shimo unaishia inchi 17 mbele yake, kama sentimita 43. Sasa shimo likiwa sentimita 30 kutoka ukingoni, utajizoeza kusukuma kwa woga. Acha sentimita 60 au zaidi nyuma yake.

Kuhusu bomba. Shimo la gofu kwa sheria lina kipenyo cha milimita 108, kipimo kilichowekwa mwaka 1891 na klabu ya gofu ya Royal and Ancient ya St Andrews, Uskoti, na kina kisichopungua milimita 101.6. Wewe unajua kuliko mimi kwamba bomba hilo la inchi nne, lile la milimita 110, linapimwa kwa nje. Ukitoa unene wa ukuta wake, ndani unabaki na pungufu ya 108. Mpira utaingia, na shimo dogo kidogo halimdhuru mwanafunzi. Ila kikombe cha gofu kina tundu la katikati la kushika bendera na matundu ya kutoa maji, na kwa vikombe vitatu sioni sababu ya kubana matumizi wakati umeshaleta lori la mawe. Bomba ulitumie kwenye mifereji.

Zingatia mpangilio. Vikombe huwekwa kabla ya zulia. Chimba kupita matabaka yote, weka kokoto chache chini maji yapate njia, simamisha kikombe ndani ya zege kidogo, mdomo wake uwe sawa na vumbi la mawe au milimita mbili chini yake. Ukiwa mteremkoni kikombe kisimame wima, kisilale na mteremko, la sivyo bendera itainama maisha yake yote. Ziba mdomo kwa utepe mchanga usiingie. Zege likikomaa tandika zulia, papasa kwa kidole mpaka uhisi mdomo, kata nyota kuanzia katikati kwenda pembeni, kisha zungusha wembe mpya ukifuata ukuta wa ndani. Wembe mpya kwa kila shimo. Butu huchana nyuzi badala ya kuzikata, na mdomo wenye manyoya huutema mpira uliostahili kuingia.

*

Ya haraka haraka

*Kwenye nyasi bandia za jirani kuna mstari umeungua na kuyeyuka, na hakuna aliyewasha moto. Ni nini?*

Ni dirisha. Vioo vya kisasa vya tabaka mbili, hasa vile vilivyopakwa utando wa kuzuia joto, vikibonyea kidogo hukusanya mwanga wa jua na kuutupa mahali pamoja. Joto lake linaweza kuyeyusha nyuzi za plastiki. Kabla hujachagua sehemu ya grini, tazama mchana, kwa nyakati tofauti, mng'ao wa madirisha unatua wapi. Ukitua hapo, zuia kioo kwa nje kwa chandarua au kivuli. Pazia la ndani halisaidii.

*Je, naweza kutandika juu ya sakafu ya zege iliyopo?*

Unaweza, zege likiwa na mteremko wa kutoa maji na halina nyufa zinazocheza. Shida itakuwa mashimo, maana utalazimika kuikata sakafu. Asiyetaka kukata hubaki na vikombe vya kuweka juu, ambavyo mpira huvipanda kupitia ukingo mdogo, nawe ukajifunza uongo. Bora uchore duara la chokaa la milimita 108 na usukume kulilenga.

*Mbwa wangu atakojoa hapo. Itakuwaje?*

Nyasi hazitakufa, harufu itakuwepo. Mwagia maji mengi siku hiyohiyo. Kama nyasi zako zina mchanga usizembee, kwa sababu mchanga hukaa na mkojo.

*Grini iko chini ya mti mkubwa. Kuna ubaya?*

Mizizi itainua msingi, utomvu utagandisha nyuzi, na majani yakioza juu yake yataota kuvu. Hamisha grini, mti uachwe.

*Magugu yataota?*

Kutoka chini ni nadra ukishindilia vizuri. Yanayoota hutoka juu, kwa mbegu zilizoletwa na upepo zikatua kwenye vumbi. Fagia mara kwa mara, yang'oe yakingali machanga, na usichome kwa moto!

*

*Fundi, naandika kwa niaba ya nyumba nzima. Mume wangu anataka ua wote uwe grini. Watoto wanataka pa kuchezea. Mimi nataka meza yangu na viti pale nje jioni. Ua una mita 11 kwa 6. Tusaidie tusigombane.*
*— Msuluhishi*

Mama, mumeo hahitaji ua wote, na nitakupa hoja za kumwambia.

Anayejifunza kusukuma mpira anahitaji urefu. Upana ni anasa. Grini ya mita kumi kwa mbili na nusu, ikifuata ukuta mmoja, itamfundisha zaidi kuliko ya mita tano kwa tano yenye eneo hilohilo, kwa sababu mpira wa mita nane au tisa ndio unaofundisha nguvu ya mkono, na wa mita moja na nusu anaweza kuupata popote. Mwambie pia kwamba kila mita ya mraba anayoongeza ni mawe ya kubebwa kwa toroli. Mita 25 za mraba ni tani tano za kokoto hivi. Mita 66 ni zaidi ya tani 13. Mpe toroli ashike, mzungumze akiwa ameishika.

Ncha moja ya grini iwe pana kidogo, mita tatu na nusu, iwe na mashimo mawili. Ncha nyingine iwe na moja. Pinda ukingo wa ndani taratibu ili usionekane kama barabara. Kando ya ukingo huo weka ukanda wa nusu mita wa nyasi ndefu, halafu eneo lote linalobaki, kama mita tatu kwa kumi na moja, ni la watoto na la meza yako. Huko kunaweza kubaki nyasi hai.

Watoto wanaweza kukimbia juu ya grini pekupeku au kwa raba, haina neno. Baiskeli hapana, maana kugeuza tairi papo hapo kunavuta viungo na kuchimba. Saa za jua kali wasikanyage bila viatu: nyasi bandia juani zinaweza kupita nyuzi joto 60, wakati nyasi hai pembeni yake zinavumilika kwa sababu zinatoa jasho la maji. Ukizimwagia maji zinapoa kwa muda mfupi tu, kisha joto linarudi. Mwanga wa jua huzichosha pia nyuzi zenyewe mwaka hadi mwaka, kwa hiyo mumeo aulize dhamana dhidi ya jua ni ya miaka mingapi na aipate kwa maandishi. Grini iliyotengenezwa vizuri hudumu miaka kumi na zaidi, na ikichoka ni zulia linalobadilishwa. Msingi mkiutunza utapokea zulia la pili.

Meza na viti vikae upande wako. Miguu myembamba ya viti hutoboa vishimo kwenye vumbi la mawe kupitia zulia, na mpira utaanza kuyumba pale alipokaa mgeni. Siku mkiwa na wageni wengi na ni lazima watu wakae juu ya grini, wekeni ubao chini ya miguu ya viti, na kesho yake mumeo apitishe ufagio mgumu kinyume cha mwelekeo wa nyasi.